Siku Ambayo Hakuna Aliyeonja Sabuni

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Njoki aliingia kwenye karakana yetu ya sabuni hapo Chaka, Nyeri, bila kubisha. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza ya kukatia, viganja vikitazama juu, kama mtu anayeonyesha bidhaa. Ninajua saa kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama ukutani ili niandike wakati wa sufuria kuchemka. Mikono ile ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imebanduka.

"Mama Rispa," alisema, "ona mkono yangu. Ni sabuni yako."

Nilimwambia haiwezekani. Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka, na mpaka leo naona haya. Njoki alikuwa anaosha sinia katika hoteli ya nyama choma ng'ambo ya barabara, na alikuwa ametumia sabuni yetu miaka sita bila hata mwasho.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonipigia simu mkitaka niwafundishe kazi hii tangu nilipostaafu. Wengi mmeshaitazama kwenye simu zenu na mnadhani kilichobaki ni kununua mafuta. Nitawaambia habari za mafuta hayo, halafu nitarudi kwa mikono ya Njoki.

Tunda la mchikichi lina mafuta ya aina mbili, na huo ulikuwa mshangao wangu wa kwanza katika kazi hii. Nyama ya nje hutoa mawese. Ndani kuna kokwa ngumu, na ukiivunja unapata kiini cheupe chenye mafuta mengine kabisa. Sisi tuliyaita mafuta ya kokwa. Yametoka kwenye tunda moja lakini tabia zao hazifanani. Mafuta ya kokwa hutoa povu kubwa na la haraka hata kwenye maji baridi ya mlima. Mawese hutoa povu dogo linalochelewa, ila sabuni yake hudumu.

Mimi si mtu wa shule kubwa. Nililetwa Nyeri kutoka Busia na kazi ya mume wangu, aliyekuwa polisi, na kitabu changu cha kemia nilikinunua kikiwa hakina jalada kwa mtu aliyetandaza vitabu kando ya barabara mjini. Nilikisoma kwa penseli miaka mitatu. Nilipofika kwenye mafuta ya kokwa nikaanza kusoma na vibandiko vya vitu dukani, kwa kioo cha kukuzia, hadi mwenye duka akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Niliyakuta kwenye biskuti. Niliyakuta kwenye ganda la chokoleti, kwenye unga mweupe wa chai unaojiita maziwa, kwenye mafuta ya nywele ya binti yangu Rispa na kwenye dawa yake ya kuosha nywele. Mashudu yake yalikuwa ndani ya gunia la chakula cha ng'ombe wa jirani. Nilisimama katikati ya duka nikihesabu, na sikuwahi kuona mchikichi hata mmoja kati ya Nanyuki na Karatina. Mtu wa hapa anaamka, ananawa, anapaka, anakunywa chai na kukamua ng'ombe, na kila mahali kokwa ile imemtangulia. Hajui hata jina lake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Swaleh, mzaliwa wa Nyeri mjini, mtu wa msikitini, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na mzaha usioisha. Yeye alipika sabuni kwa macho. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, aliipima kwa kikombe cha bati kilichokosa mkono. Mimi nilileta mizani. Tuligombana juu ya mizani hiyo mwezi mzima.

"Binti, kikombe hiki kimesomesha watoto wanne," aliniambia.

"Na mizani itasomesha wajukuu," nikamjibu.

Alichukua kikombe, akakipima. Ikaonekana kikombe chake kilikuwa sahihi kwa tofauti ya gramu kumi. Siku hiyo nilishtuka kuliko yeye. Lakini mizani ilibaki.

Msidhani nilikuwa mwerevu tangu mwanzo. Wiki yangu ya pili nilikosa chombo cha kuyeyushia kostiki, nikaazima sufuria kubwa kwa mke wa Mzee, Bi Zuhura. Ilikuwa ya alumini. Nilimwaga soda ndani ya maji kama nilivyofundishwa, maana ni soda inayoingia majini, kamwe si maji juu ya soda, la sivyo yatakurukia usoni. Hapo nilikuwa sahihi. Halafu maji yakaanza kutoa povu la kijivu na mvuke unaokaba koo, sufuria ikanguruma, na tulipoimwaga kitako kilikuwa kimetoboka kama chujio. Kostiki hula alumini. Tumia chuma, au plastiki nene. Bi Zuhura aliinua sufuria yake juani akanitazama kupitia matundu.

"Hii ilikuwa ya pilau ya Idi," alisema. "Sasa itakuwa ya kuchungia unga."

Jambo kubwa alilonipa Mzee Swaleh si kikombe wala mzaha. Ni ulimi. Kila sufuria, kabla haijamwagwa kwenye kalibu, alichota sabuni kidogo kwa kijiti, akaipoza, akaigusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua. Kama ina ladha ya sabuni tu, iko tayari. Kama inauma ghafla, kama unapogusa betri ya tochi kwa ulimi, basi kuna kostiki iliyobaki bila mafuta ya kula, na hiyo itakula ngozi ya mtu. Nilisoma kitabuni njia za kupima kwa karatasi na matone ya rangi, nikazijaribu. Ulimi haukuwahi kushindwa nazo. Kwa hiyo ikawa desturi: yeye anaonja, au mimi naonja, na hakuna sufuria inayomwagwa bila mmoja wetu kutema mlangoni. Wateja walizoea kutuona tukitema.

Sasa nirudi kwa Njoki.

Niliweka mikono yake chini ya bomba, maji yakitiririka, robo saa nzima. Maji mengi, vijana, maji tu. Mtu akiwaletea siki au ndimu kwa kostiki iliyo kwenye ngozi mfukuzeni. Alipokuwa pale nilichukua kipande alichokuja nacho nikasoma namba. Kila sufuria yetu ilikuwa na namba tuliyoigonga kwenye kila mche. Hii ilikuwa ya Jumatano. Nilifungua daftari langu la sufuria. Mafuta ya kokwa, kilo ishirini. Kostiki, kilo tatu na gramu mia tatu. Moto, dakika, kila kitu kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna kosa. Nililisoma mara tatu. Sikuona kosa, na mikono ya Njoki ilikuwa pale pale mbele yangu.

Nikaenda kwenye mapipa.

Tulikuwa na mapipa mawili. La mafuta ya kokwa lilikaa kushoto karibu na jiko, miaka kumi na moja. La mawese magumu, yale yaliyosafishwa kiwandani yakawa meupe, ambayo tulitumia kwa sabuni ya aina nyingine, lilikaa kulia. Jumanne gari la mzigo kutoka Murang'a lilileta mapya mawili. Mimi nilikuwa nimeenda mjini. Dereva aliuliza ayaweke wapi, na Mzee Swaleh akasema popote penye nafasi. Vibandiko vilitazama ukutani. Kule chini kwenye joto pipa moja lingekuwa linacheza kama uji na la pili gumu, na mtoto mdogo angeyatofautisha. Kwenye baridi ya Chaka alfajiri, yote mawili ni meupe na magumu. Unachota kwa koleo, yote.

Kuna njia ya kutofautisha, na nilikuwa naijua. Unaweka donge dogo kiganjani na kufunga ngumi. Mafuta ya kokwa huyeyuka upesi, yanateleza kati ya vidole kama maji. Mawese magumu hubaki kama mshumaa. Jumatano ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifanya hivyo. Nakumbuka. Lakini nilikuwa nimetoka kuosha ndoo kwa maji ya bomba, na ninyi mnajua maji ya bomba ya Chaka saa hizo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Donge halikuyeyuka. Nikajiambia ni mikono yangu ndiyo baridi, na pipa la kushoto ni la kokwa, siku zote ni la kokwa. Nikachota.

Kilo ishirini za mafuta ya kokwa hula zile kilo tatu na gramu mia tatu za kostiki na kubakiza mafuta kidogo. Mawese hutosheka na kilo mbili na gramu mia nane hivi. Kwa hiyo karibu nusu kilo ya kostiki ilibaki ndani ya sabuni yangu bila kazi. Nilipogeuza pipa na kuona kibandiko cha mawese nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Utaratibu wangu niliojivunia, kila kitu mahali pake, ndio ulioniangusha.

Hata hivyo ulimi ungelikamata kosa hilo. Ulimi haujali pipa liko wapi. Nilitoka nje nikamkuta Mzee Swaleh ameketi juu ya gunia la chumvi.

"Mzee," nilimuuliza, "Jumatano ulionja?"

"Mimi? Si nilikuwa nimefunga. Ramadhani hii. Nilijua wewe umeonja."

"Mimi nilijua wewe umeonja."

"Wewe una nini cha kukuzuia?"

"Ilikuwa Jumatano ya Majivu, Mzee. Hata mimi nilikuwa nimefunga."

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zimekutana, na tulikuwa tumetaniana wiki nzima kwamba karakana itaokoa pesa ya chai. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuhusu kijiti. Kila mmoja alipogeuka kumwaga sabuni alimwona mwenzake karibu na mlango, akaridhika.

"Basi sisi tumefunga," alisema polepole, "na sabuni imefuturu mikono ya Njoki."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Baadaye alimuuliza shehe wake, nami nikamuuliza padri, na wote wawili walitujibu kwamba kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, kwa ajili ya kazi, hakuvunji mfungo. Tungeuliza mapema ingetuchukua dakika tano.

Sufuria ile ilikuwa imetoa miche sitini. Kumi na tisa ilikuwa bado rafuni, mizuri, migumu, myeupe kuliko yote niliyowahi kukata. Nilikuwa nimeisifu Ijumaa. Sabuni yenye kostiki nyingi huwa ngumu na yenye kuvutia macho, kumbukeni hilo mnapovutiwa na weupe. Arobaini na mmoja iliuzwa siku ya soko, Jumamosi. Kumi na sita ilikwenda hoteli ya Njoki, na hiyo ilirudi ndani ya dakika kumi, mingine ikiwa imetumika nusu. Ishirini na minne ilichukuliwa na mchuuzi wa mbuzi kutoka Doldol, anayeitwa Lemayian. Nilimpigia simu.

"Katoni bado imefungwa, mama," alisema. "Huku maji ni ya kunywa kwanza. Kwani sabuni iko na nini?"

"Inaunguza."

"Basi hiyo ningeuzia adui tu. Nitarudisha na gari ya kesho."

Mmoja ukabaki. Nilijua uko wapi.

Jumamosi mchana alikuwa amekuja Cucu Wangechi, bibi anayeishi juu ya Chaka upande wa msitu. Aliinua mche, akaunusa, akaulizia bei kana kwamba hajawahi kuisikia, akalipa shilingi tisini kwa sarafu. Nilimuuliza mbona leo ananunua mche mzima badala ya kipande. Akasema binti yake amejifungua msichana, wanatoka hospitali Jumatatu, na mtoto wa kwanza lazima aogeshwe na sabuni mpya. Nilimpongeza. Nikaufunga mche kwenye gazeti kwa mikono yangu.

Mtaniambia sabuni yetu ilikuwa ya kufua. Ndiyo, tuliiuza kama ya kufua. Lakini hakuna nyumba ninayoijua huku ambayo mche wa kufua hauogeshi watu. Hata ikipikwa sawasawa, sabuni ya mafuta ya kokwa peke yake hukausha ngozi na haimfai mtoto mchanga. Nilipaswa kumwambia hivyo Jumamosi. Nilikuwa na foleni.

Leo ilikuwa Jumatatu. Saa tano kasoro dakika tano. Nilipiga simu yake mara nne, imezimwa.

Nilipanda bodaboda. Kijana aliyenibeba aliuliza kama kuna mgonjwa, nikamwambia nenda tu. Barabara ile ni ya mawe na vumbi, nami nilikuwa nafikiria ngozi ya mtoto wa siku tatu ilivyo. Mikono ya Njoki ilikuwa imekomazwa na miaka ya masufuria na majivu, na ilibanduka. Sikuweza kuendelea na wazo hilo, wala sikuweza kuliacha.

Nilipofika uani nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Niliingia jikoni bila hodi. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto amefungwa shali, uso wake mdogo umekunjamana, amelala. Cucu alikuwa ameshika beseni tupu.

"Mmeshamwogesha?" niliuliza.

"Sasa hivi," alisema Cucu. "Karibu. Mbona unahema hivyo?"

"Na ile sabuni?"

"Na maji tu. Maji ya vuguvugu na kitambaa."

Nilimwomba arudie. Alirudia, huku akinitazama kama mtu aliyepoteza akili.

"Sabuni mbichi inaisha haraka," alisema. "Wewe unauza na hujui? Niliikata vipande nne, iko juu ya nyumba ya sungura inakauka. Hiyo haiguswi mpaka wiki mbili."

Niliketi chini, kwenye udongo, mbele ya watu wa nyumba ile. Wanawake wote wa huku hukausha sabuni. Nimewatania kwa hilo miaka mingi, nikiwaambia ubahili wao unaniua kibiashara. Mtoto yule alikuwa na ngozi yake kwa sababu bibi yake hakutaka mche wa shilingi tisini uishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilimweleza kila kitu: mapipa, mikono baridi, mfungo wangu na wa Mzee. Binti alimvuta mtoto karibu na kifua. Cucu alisikiliza, halafu akatoka kwenda kwenye kibanda cha sungura na kurudi na vipande vinne ndani ya aproni yake. Nilinyoosha mkono. Hakunipa.

"Nimenunua na pesa yangu," alisema. "Na ni ngumu vizuri sana. Nitafua nayo magunia."

"Cucu, itakuunguza."

"Ati itaniunguza. Mimi nimefua na majivu ya migomba kabla hujazaliwa."

Nikachukua kipande kimoja kwenye aproni, nikakigusa kwa ulimi.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimeonja sabuni mbaya mara nyingi, zile zinazouma kidogo na kuomba mafuta zaidi. Hii ilinipiga hadi nyuma ya masikio. Macho yalijaa maji. Nilikimbilia nje nikatema, nikatema tena, binti akaniletea kikombe cha maji, nikasukutua na kutema mara ya tatu kando ya nyumba ya sungura. Ncha ya ulimi ilikuwa nyeupe siku mbili.

Cucu alisimama mlangoni akinitazama mpaka nilipomaliza.

"Hii ungefanya Jumatano," alisema.

Akanipa vipande vyote vinne.

Kuanzia juma hilo mapipa yetu yalipakwa rangi, moja jekundu, la pili buluu. Kabla ya kufunga ngumi juu ya donge, tuliweka mkono kwapani hadi upate joto. Na kwenye daftari la sufuria nilichora safu mpya, baada ya ile ya dakika za moto, yenye swali moja: nani ameonja? Hapo inaandikwa jina la mtu mmoja, kwa mkono wake mwenyewe. Si "tumeonja". Njoki, mikono yake ilipopona, alikuja kuomba kazi kwetu badala ya kurudi kwenye sinia, na leo karakana ni yake. Ukifungua daftari lile utaona jina lake kwenye kila sufuria, hata Ramadhani, hata Kwaresima. Mkienda kwake kujifunza atawapa kijiti siku ya kwanza. Msikatae.

Ile miche sitini hatukuuza tena hata mmoja. Tuliiponda tukaitumia mwaka mzima kusugulia mapipa na mitaro. Mwisho wa wiki ile nilijumlisha. Mafuta, kostiki, kuni na manukato: elfu sita mia saba na themanini. Bodaboda na mzigo wa kutoka Doldol: elfu moja na hamsini. Dawa ya Njoki na mshahara wa siku nne alizokaa nyumbani: elfu mbili mia moja na hamsini. Wateja wote nilikuwa nimewarudishia pesa zao, isipokuwa mmoja. Nilipompa Cucu tisini zake alinikunjia kiganja changu.

"Kaa nayo," alisema. "Ununue maziwa, upoze hiyo ulimi."

Nilizitoa kwenye jumla. Hasara yote ilikuwa shilingi elfu tisa mia nane na tisini.